Iogopeni Krimu Inayoponya Haraka

Wajukuu zangu, wa kike na wa kiume, mlioko huku juu Vidunda na mlioteremka Kidodi, Ruaha, Kidatu na Mikumi kutafuta maisha, naomba mnisikilize. Kipupwe kimeingia. Kila mwaka, upepo wa Juni hadi Agosti ukianza kukata mashavu, maneno huwa ni yale yale. "Mbona umepauka?" "Hujipendi?" "Huna hata mafuta?" Binti anaitazama mikono yake, anaona ukijivu juu ya vifundo, anaivuta kanga kuificha. Aibu hiyo ndiyo ninayotaka kuisemea, kwa sababu nimekaa katika kazi ya uuguzi muda wa kutosha kujua inakoishia. Wengi niliowaona wameharibikiwa ngozi hawakuanza kwa kutaka weupe. Walianza kwa kutaka wasipauke.

Ngozi kavu si uchafu wala uvivu. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni chembe zilizokwisha kufa, zimebanana, na katikati yake mna mafuta ya asili yanayozuia maji ya mwili yasipotee. Hewa ikiwa baridi na kavu, maji hutoka haraka kuliko mwili unavyoyarudisha. Tabaka lile linakakamaa, linafanya nyufa ndogo, linabanduka magamba membamba ambayo juu ya ngozi nyeusi yanaonekana kijivu. Mzungu naye hupauka, ila kwake hakuonekani upesi. Wengine tumezaliwa hivyo. Mama alikuwa hivyo na bibi pia. Wengine huongeza ukavu wenyewe pasipo kujua: kwa maji ya moto mno, kwa sabuni ya mche iliyotengenezwa kwa ajili ya nguo, kwa dodoki kila asubuhi, na huku kwetu milimani, kwa moto wa jikoni.

Moto huo niuseme kidogo, maana watu hawausemi. Asubuhi ya Julai huku juu mtu hatoki kitandani akaenda moja kwa moja shambani. Atavuta kigoda, ataota moto kwenye mafiga mpaka mifupa ilegee. Ukifanya hivyo siku baada ya siku, ugoko wa upande unaotazama moto hukauka, kisha hutokea madoa ya kahawia yaliyoungana umbo la wavu. Mabinti wameyaona kwenye miguu ya mama zao wakadhani ni damu mbaya, na wengine wamekimbilia krimu ya kuyafuta. Krimu haiyafuti. Sogeza kigoda nyuma, funika miguu kwa kitenge. Yale ambayo hayajakomaa yatafifia yenyewe baada ya miezi kadhaa.

Sasa twende dukani. Msimu wa miwa, fedha zikiwa mkononi, kule chini vipodozi hupangwa mpaka nje ya mlango. Binti anaingia, anasema: "Ngozi yangu kavu, inawasha, nataka kitu cha kulainisha." Hajataja weupe hata kidogo. Muuzaji, ambaye huenda hana nia mbaya wala hajui anachouza, anampa tyubu ndogo, au anamchotea kwa kijiko kutoka kopo kubwa lisilo na karatasi, na kumwambia achanganye na losheni yake ya kila siku. Siku ya kwanza muwasho unanyamaza. Siku ya tatu mabaka yamelainika. Wiki ya pili uso unang'aa, rangi imekuwa maji ya kunde, na majirani wanauliza anatumia nini.

Hapo ndipo penye mtego, na ndipo ninapowaomba muwe macho kuliko mahali pengine popote. Krimu ile imeponya kweli. Imeponya kwa sababu ndani yake mna dawa ya hospitali, steroidi, ambayo hutuliza muwasho na wekundu haraka kuliko mafuta yoyote duniani. Madaktari wamekuwa wakipaka dawa za jamii hiyo kwenye ngozi tangu mwaka 1952, na mikononi mwa daktari ni dawa njema. Mtoto mwenye pumu ya ngozi hupewa ile hafifu kwa siku chache, akapumzika, akalala. Lakini zinazotiwa kwenye mkorogo ni zile kali, klobetasoli na betamethasoni, ambazo daktari huziandika kwa sehemu ndogo ya mwili na kwa muda mfupi, na usoni huziepuka. Binti wetu anajipaka kuanzia paji la uso hadi kisigino, asubuhi na jioni, mwaka mzima.

Steroidi huilaza kinga ya ngozi na kuizuia isijijenge upya. Polepole ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, michirizi inatokea mapajani na mikononi, usoni panaota chunusi na vinyweleo. Kidonda kidogo cha jembe hakifungi. Fangasi waliokuwa doa moja chini ya titi wanatapakaa hadi mgongoni, na kwa kuwa dawa imezima muwasho, mwenyewe hajui. Sehemu ya dawa huingia kwenye damu, na hapo mwili huanza kuacha kutengeneza homoni yake wenyewe. Uso unakuwa wa mviringo, shinikizo la damu linapanda, sukari inapanda. Halafu siku fedha zikikata, anaacha ghafla. Uso unawaka moto, unavimba, unabanduka, unapauka kuliko ulivyowahi kupauka. Naye anasema: "Mnaona? Ngozi yangu haiwezi bila krimu hii." Anakopa, anarudi dukani. Ukavu ulioletwa na baridi ya Julai ungeondoka na mvua za kwanza. Ukavu huu wa dawa hauondoki hata masika.

Nilikuwepo wanawake walipoletwa kujifungua kwa upasuaji, ngozi ya tumbo imelegea kwa miaka ya mkorogo. Daktari anashona, uzi unakata nyama na kupita. Anashona tena. Kidonda ambacho kingefunga kwa siku chache kinabaki wazi, kinatoa maji, mama hawezi kumwinamia mtoto wake. Hakuna aliyewaambia kwamba tyubu ya uso itakuja kuwadai kwenye meza ya upasuaji. Mimi nawaambia ninyi leo.

Kwa hiyo jifunzeni kusoma kopo. Mnasoma ujumbe wa simu wenye herufi ndogo kuliko hizo. Klobetasoli kwenye tyubu huandikwa kwa C: Clobetasol. Betamethasoni huanzia Betameth. Haidrokwinoni huanzia Hydroq. Zebaki hujificha kwa majina mengi: ukiona Mercury, Mercurous, Mercuric, Ammoniated au Calomel, rudisha kopo mahali ulipolikuta. Kopo lisilo na karatasi, au krimu unayopimiwa kwa kijiko, usiipake hata kama anayeiuza ni shangazi yako. Na hata karatasi ikiwa safi, krimu iliyoondoa muwasho wa muda mrefu kwa siku tatu na kuanza kubadili rangi yako, iacheni mapema na mwende nayo kituo cha afya ikatazamwe.

Hiyo haidrokwinoni niliyoitaja ndiyo iliyokuwa ikitumika kusafishia picha zama za mkanda wa filamu. Kwenye ngozi huzuia rangi nyeusi isitengenezwe. Mwanzoni mashavu yanapendeza. Ikitumika miaka, na jua letu hili likipiga, panatokea weusi wa kibuluu mashavuni na kwenye paji la uso ambao mara nyingi hautoki tena. Mtu aliyekuwa akikimbia weusi anabaki nao mahali pale pale alipokuwa akiusugua. Afrika Kusini, ambako wanawake wengi walikuwa wameipata balaa hiyo, waliipiga marufuku kwenye vipodozi mwaka 1990.

Zebaki ni kali kuliko hiyo, kwa sababu haiishii kwenye ngozi. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika juu ya watu wazima waliolazwa kwa ugonjwa wa figo wa kuvimba mwili. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Tangu hapo zaidi ya miaka 50 imepita, na zebaki bado ipo kwenye krimu na hata kwenye vipande vya sabuni. Uso ukivimba asubuhi, mkojo ukitoa povu jingi, na wewe unajipaka kitu cha kung'arisha, nenda kapimwe mkojo siku hiyo hiyo. Mwenye mimba ajue kwamba zebaki humfikia mtoto tumboni.

Vitu hivi vimekatazwa kwenye vipodozi hapa Tanzania, na tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Lakini mkaguzi hawezi kusimama kwenye kila kaunta ya kila duka, na krimu inasafiri ndani ya mkoba. Mlinzi wa kwanza wa ngozi yako ni macho yako.

Msije mkadhani nawalaumu kana kwamba tamaa hii mmeizua ninyi. Sisi wazee tuna sehemu yetu. Zamani mwali alikaa ndani muda mrefu, jua halimwoni, na siku alipotolewa nje, amepakwa mafuta hadi anameremeta, watu walisifu jinsi alivyotakata. Sifa hiyo imebaki midomoni mwetu. Bado kuna mama anayemwambia binti yake mweusi kwamba dada yake "ana rangi." Nawaomba mama zenu, na hili nalisema kwao waziwazi: acheni. Mtoto anayesikia hivyo akiwa na miaka sita atakuwa na tyubu chini ya mto akifika kumi na sita. Lakini yule mwali alipata alichopata kwa kivuli na mafuta ya nyonyo, na ngozi yake ilibaki nzima ya kuzeekea. Hiyo ndiyo tofauti.

Na nyonyo zipo. Zinaota nyuma ya nyumba mpaka tunazifyeka. Bibi zetu walizikaanga kidogo, wakazitwanga, wakachemsha unga ule kwa maji mengi kwa moto wa taratibu, na mafuta yakipanda juu wakayaengua kwa kijiko, wakayachemsha tena mpaka maji yaliyobaki yakaisha na mlio wa kuchatachata ukakoma. Kuchemsha huko si mapambo ya kazi: punje mbichi ya nyonyo ina sumu kali, na ni moto unaoiua. Watoto wasiachwe wazichezee wala kuzitafuna. Mafuta yenyewe ni mazito, hivyo uyachanganye na ya nazi au ya ufuta. Asiye na muda wa hayo yote anunue mafuta ya mgando yasiyo na manukato, ya bei ya chini kabisa. Mmarekani Robert Chesebrough alipata hati ya kuyatengeneza mwaka 1872, na mpaka leo ni vigumu kupata kitu kinachozuia maji yasitoke kwenye ngozi kama hayo. Ubaya wake ni kwamba hayasifiwi kwenye matangazo.

Kosa kubwa si mafuta gani unapaka, ni wakati gani unapaka. Mafuta hayaleti maji. Yanafungia maji yaliyopo. Ukioga, ukajikausha, ukaenda kulisha kuku, ukachambua mboga, ndipo ukumbuke mafuta, umefungia ukavu ndani. Fanya hivi: maji yawe vuguvugu, si ya kutoa moshi. Oga upesi. Sabuni ya kuogea, laini, ipite kwapani, sehemu za siri kwa nje, miguuni na palipochafuka. Mikono na miguu mikavu haihitaji povu kila siku. Dodoki mara moja kwa wiki inatosha, tena kwa mkono mwepesi. Jifute kwa kubonyeza taulo au kanga, usisugue, uache mwili na unyevu kidogo. Hapo hapo, kabla hujavaa, chukua mafuta kiasi cha punje ya harage, yapashe moto kati ya viganja, kisha upake ugoko, viwiko, vifundo na visigino kwanza, uso mwisho. Wenye magaga walowanishe miguu kwenye maji vuguvugu jioni, wapake mafuta ya mgando mazito, wavae soksi walale nazo. Msikwangue magaga kwa wembe. Wenye kisukari hasa, kidonda cha hapo kimewakatisha watu miguu.

Gliserini ni nzuri, kwa kuwa huvuta maji, lakini isipakwe tupu wakati wa kipupwe. Hewa isipokuwa na unyevu, gliserini itayavuta maji kutoka ndani ya ngozi yako. Izimue kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, paka, halafu funika kwa mafuta juu yake. Ndimu iwekeni kwenye mboga. Ndimu ukipaka usoni kisha ukatoka juani inaunguza, na inaacha weusi. Jiki ni ya mashuka.

Najua mnataka kujipamba, na mjipambe. Sendofu ya rafiki, harusi, picha ya mahafali, ni furaha zenu na sizikatazi. Ila mwenye ngozi kavu akipakwa poda juu ya uso usioandaliwa, baada ya saa moja poda inashika kila ufa, na binti wa miaka ishirini anaonekana wa hamsini. Uoshe uso wako kwa maji tu, paka mafuta mepesi au losheni isiyo na manukato, subiri dakika kumi yatulie, ndipo faundesheni, na iwe ya majimaji au ya krimu, rangi ile ile ya shingo yako. Ukikuta mpambaji anakupa rangi iliyo juu ya yako kwa hatua mbili, mwambie arudi nyuma. Uso mweupe juu ya shingo nyeusi haujampendezesha mtu. Poda iguse tu puani na kwenye paji. Lipstiki zile kavu zisizong'aa hunywa maji ya midomo. Tangulia na mafuta, na uache kulamba midomo, maana mate yakikauka huondoka na unyevu wa mdomo. Wanja usionunuliwa ndani ya kifungashio chenye jina la kiwanda uuogope, kwa sababu aina nyingine za wanja zina madini ya risasi. Na msiwapake vichanga hata kidogo. Brashi na sponji za kuzunguka uso kwa uso hubeba vijidudu, kwa hiyo nenda na zako. Usiku, mekapu itoke kwa mafuta ya nazi na kitambaa laini, kisha maji. Binti mwenye ngozi kavu anayelala na mekapu, au anayeing'oa kwa sabuni ya kufulia, asubuhi atakuwa mteja wa yule wa kijiko.

Kuna ukavu ambao si wa baridi, na huo mafuta hayauwezi. Mkoa wetu bado haujaagana kabisa na ukoma. Kiraka kikavu chenye rangi iliyofifia, kisichotoa jasho, ambacho ukikigusa kwa unyoya huhisi kitu, usikipake chochote: nenda kituo cha afya. Dawa zake hutolewa bure na zinaponya, ila zinatakiwa mapema, kabla vidole havijaharibika. Weusi mkavu wenye magamba unaozunguka shingo na kukaa kwenye mikono palipopigwa na jua, kwa mtu anayekula ugali na chumvi tu siku nyingi, ni njaa ya vitamini. Na sisi wenye maharage mlimani hatuna sababu ya kuupata, kama hatuyauzi yote. Mwili mzima ukikauka huku mtu anachoka, anasikia baridi kuliko wenzake na sauti inakuwa nzito, apimwe tezi ya shingo. Kiu na mkojo mwingi, apimwe sukari. Muwasho unaowashika wote nyumbani usiku ni upele. Mtibiwe wote siku moja, na nguo zifuliwe.

Na wajukuu zangu wenye ualbino, ngozi yenu hukauka na kuungua upesi kuliko zetu. Kule hospitali ya KCMC Moshi hutengenezwa mafuta ya kujikinga na jua yaitwayo Kilisun, maalumu kwa ajili yenu. Ulizeni hospitalini jinsi ya kuyapata, wala msimruhusu mtu awauzie kitu cha kungʼarisha kwa jina la kuwalainisha.

Nimebakiza wale ambao tayari wamo ndani. Ninawajua wengine kwa vifundo vya vidole, maana vifundo havikubali kubadilika pamoja na mkono. Sitawataja na sitawacheka, na nawakataza wenzenu kuwacheka. Nawaomba jambo moja: msiitupe tyubu mtoni Ruaha leo kwa hasira. Aliyepaka steroidi mwili mzima kwa miezi mingi akiacha kwa siku moja anaweza kulegea, kutapika, hata kuzimia, kwa kuwa mwili ulikwisha kuacha kutengeneza homoni yake. Ichukue tyubu ilivyo, na kopo la mchanganyiko lilivyo, viweke kwenye mfuko, uende kwa daktari, iwe zahanati yetu au hospitali ya Mtakatifu Kizito pale Mikumi. Mwambie umepaka nini, wapi, tangu lini. Yeye atakupunguzia kwa ngazi. Uso utawaka wiki za mwanzo, na watu watasema umeharibika. Paka mafuta ya mgando, kaa kivulini, vaa kofia pana shambani, usirudi dukani. Mwenye mimba anayetumia vitu hivi amwambie mkunga kwenye hudhurio la kwanza kabisa, asisubiri uchungu, ili daktari ajue anashona ngozi ya namna gani.

Na anayeona haya kwenda peke yake, aje kwangu jioni. Nitamsindikiza.